Susu Hakuwa Malaika: Tuwakumbukeje Waliotangulia?



Mtu akifiwa katika kanisa letu, kamati ya mazishi hugawana kazi haraka. Huyu atashughulika na mahema na viti, yule na gari la mwili, akina mama na muthokoi na chai, vijana na kaburi. Halafu lazima mtu aseme, "Wasifu wa marehemu tumwachie pasta msaidizi, yeye amesoma." Digrii yangu ni ya biashara, si ya uandishi, lakini ndivyo kazi hiyo ilivyoniangukia, na sasa ni miaka kadhaa.

Leo nataka kutubu mbele yenu. Katika laptopu yangu nina ukurasa mmoja ambao tayari umeandikwa. Unasema marehemu alikuwa mcha Mungu, mpole, mchapa kazi, mpenda watu, na kwamba aliwapenda watoto wake wote sawasawa. Nikiletewa jina na tarehe, nabadilisha jina na tarehe. Watu wamelia kwa kusikia ukurasa huo. Nami nikawa najiona ninatoa huduma.

Ukurasa huo nilianza kuuandika mwaka wa 2019, kwa mazishi ya nyanya yangu mwenyewe. Sisi tulimwita Susu, kama Wakamba wote wanavyomwita mama ya baba au mama ya mama. Nikaandika kwamba Susu alikuwa mama mpole.

Waliomjua Susu wakacheka palepale kwenye hema. Susu hakuwa mpole hata siku moja.

Alilelewa kwenye ranchi ya mzungu, kule nyanda za Kapiti, upande wa Konza. Baba yake alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa mzungu huyo, na familia iliishi hapohapo, kwenye nyumba za nyasi karibu na boma. Kitambulisho cha Susu kilisema alizaliwa 1931, lakini mwaka huo alipewa na karani aliyemtazama usoni akakadiria. Hakuwa na kaka mkubwa, kwa hivyo yeye msichana ndiye aliyepewa ndama kuchunga. Huko alijifunza mambo ambayo wasichana wa rika lake nyumbani hawakuruhusiwa. Alipanda punda wa kubeba maji bila kushika kamba. Usiku mmoja alimfukuza fisi kwa kijinga cha moto. Na alijifunza kupiga mluzi kwa vidole viwili, mluzi wa kuita ng'ombe waliotawanyika mbali, ule unaosikika ng'ambo ya bonde.

Mluzi huo hakuuacha. Alipookoka, tayari akiwa na wajukuu, aliingia nao kanisani. Wakati wa kusifu, akina mama wengine walipiga vigelegele, Susu alipiga mluzi. Wazee wa kanisa walimwita wakamweleza kwa adabu kwamba mwanamke kupiga mluzi ni aibu, tena ndani ya nyumba ya Bwana. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mungu alinijua nikichunga ndama. Akisikia vigelegele vyangu atauliza ni nani huyu." Jumapili iliyofuata akapiga tena.

Huyo ndiye mtu ambaye mimi, mjukuu wake, nilimwita mpole.

Sasa, kama ingekuwa ni neno hilo moja tu, tungecheka tukaenda zetu. Lakini niliandika pia ile sentensi nyingine, kwamba aliwapenda watoto wake wote sawasawa. Hiyo haikumchekesha mtu. Shangazi yangu mkubwa alisimama akatoka hemani, akaenda kukaa kwenye jiwe karibu na tanki la maji mpaka wasifu ukaisha.

Nimemwomba shangazi ruhusa ya kuandika haya, naye amenipa. Alipokuwa binti aliolewa na mtu ambaye Susu hakumtaka. Aliondoka asubuhi moja na kiondo chake tu. Susu alikaa miaka kumi na minne bila kutaja jina lake. Ukimwuliza ana watoto wangapi, alihesabu na kumruka. Shangazi alipokuja kusalimia Krismasi, Susu alichukua jembe akaenda shambani. Hata shamba lilipogawanywa, yeye hakupata kipande. Sisi wajukuu tulikua tukijua jambo hilo kama tunavyojua mahali palipo na shimo uani, tunalizunguka bila kusema.

Jioni ya mazishi, wageni walipokwisha ondoka, nilimfuata shangazi kumwomba msamaha. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, nami nimelibeba tangu siku ile. Alisema, "Uliandika alitupenda sote sawa. Sasa ile siku aliniomba msamaha, alikuwa anaomba ya nini?"

Niliduwaa. Maana nilikuwa nalijua jambo hilo. Miezi ya mwisho Susu alikuwa haoni tena, na aliyemwosha, akamlisha na kulala naye chumba kimoja alikuwa ni shangazi huyohuyo. Usiku mmoja Susu alimshika mkono akamwambia kwa Kikamba maneno ya mtu wa ng'ombe: nilikushikilia kama mtu anayevuta kamba, hatazami kwamba ndama amenyongeka. Akalia. Shangazi alituambia asubuhi yake, na nyumba nzima ikawa nyepesi.

Hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote alivyofanya Mungu katika maisha ya Susu. Mwanamke ambaye hakuwahi kurudi nyuma mbele ya mtu yeyote, alirudi. Nami sikukiandika. Kwa nini? Kwa sababu ili niseme alitubu, ilibidi nionyeshe alikosa nini. Nikaona heri nifiche kosa. Na nilipolificha kosa, nikaificha na neema.

Basi wapendwa, hapa ndipo swali langu lilipo. Tuna deni gani kwa waliotangulia? Ni heshima, au ni ukweli?

Mila yetu inasema marehemu hasemwi vibaya. Nami naiheshimu mila hiyo, ina hekima. Aliyelala hawezi kusimama kujitetea. Msiba una watoto wanaosikiliza. Kuna watu ambao huleta kwenye kaburi madeni waliyoogopa kuyadai kwenye nyumba, na huo si ukweli, huo ni uoga. Tena Kutoka 20 inatuagiza tuwaheshimu baba na mama, na agizo hilo halisemi liishie siku ya mazishi.

Lakini soma mistari michache tu mbele, sura ileile. Mungu huyohuyo anakataza ushahidi wa uongo. Hakuandika amri mbili zinazogombana. Kwa hivyo kama heshima ninayompa mama yangu inahitaji uongo ndipo isimame, basi bado sijamheshimu. Nimetengeneza mama mwingine, nikamheshimu huyo, na mama yangu nimemzika mara mbili.

Tazama neno lenyewe tunalolitumia. Tunasema "marehemu." Neno hili limetoka kwenye rehema. Marehemu ni mtu aliyerehemiwa, au tunayemwombea arehemiwe. Sasa nani huhitaji rehema? Ni mtu mwenye makosa. Sisi tunaanza wasifu kwa kumwita marehemu, halafu tunaandika kurasa mbili kuonyesha kwamba hakuwa na lolote la kurehemiwa. Neno la kwanza linakanusha wasifu wote.

Niruhusuni nitumie mambo ya shule yangu kidogo. Katika mizania ya biashara kuna pande mbili. Upande mmoja mali, upande mwingine madeni. Ukiletewa kitabu chenye mali tupu bila deni hata moja, mkaguzi wa hesabu hafurahi, anashtuka. Anajua kuna kitu kimefichwa. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwenye kukudai akikusamehe deni, karani wa hesabu hachani ukurasa. Deni linabaki limeandikwa pale, kiasi chake na tarehe yake, na chini yake inaandikwa kwamba limefutwa. Ukichana ukurasa, hakuna mtu atakayejua ulisamehewa kiasi gani, na aliyekusamehe hatapata shukrani. Kufuta deni na kuficha deni ni vitu viwili tofauti kabisa. Cha kwanza ni kazi ya msalaba. Cha pili ni wizi wa hesabu.

Mtu atasema, lakini pasta, Waebrania 11 haikutaja makosa. Inataja imani ya Ibrahimu tu, haitaji kwamba alisema mkewe ni dada yake. Ni kweli. Ila sura hiyo iliandikiwa watu waliokuwa na Mwanzo mkononi, na Mwanzo inalitaja jambo hilo mara mbili, sura ya 12 na ya 20. Hakuna aliyechana ukurasa. Tena soma sura hiyohiyo ya Waebrania ufike kwa Rahabu. Miaka yote hiyo imepita, ni shujaa wa imani, na bado anatajwa pamoja na kazi aliyokuwa akiifanya Yeriko. Fungua Mathayo 1. Katika ukoo wa Bwana wetu mwenyewe, mama yake Sulemani hatajwi kwa jina lake. Anatajwa kama aliyekuwa mke wa Uria. Deni la Daudi limeachwa wazi katikati ya ukoo wa Mwokozi, mtu asije akafikiri alizaliwa katika nyumba isiyohitaji wokovu.

Na kuna sababu nyingine ya kuwakumbuka wakiwa wazima. Ukali wa Susu na ujasiri wake vilitoka kwenye mzizi mmoja. Ukiung'oa mmoja, na mwingine unakuja nao.

Alikuwa msichana wa kama miaka saba mwaka wa 1938. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilianza kuwalazimisha Wakamba wa Machakos kuuza ng'ombe wao, ikisema mifugo imezidi na udongo umeharibika. Wakati huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kilikuwa kinataka ng'ombe. Babu yake Susu, aliyebaki nyumbani na mifugo ya ukoo wakati mwanawe akichunga ya mzungu, alichukuliwa ng'ombe wake. Ndipo watu wetu, wanaume kwa wanawake na watoto, walipoandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka gavana awasikilize. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini uuzaji ule wa lazima ukaachwa. Leo mkipita katikati ya Nairobi mnaona mtaa wenye jina lake.

Susu hakwenda Nairobi, alikuwa mtoto kule ranchini. Lakini alisikia watu wazima wakizungumza usiku, na fikra moja ilimwingia ambayo haikutoka: usipokishika kitu chako kwa mikono miwili, mtu atakuja akichukue. Kwa mikono hiyo miwili alifanya makuu. Baada ya uhuru, ranchi nyingi za wazungu huku kwetu zilinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za wananchi. Susu aliuza mtamba wake mmoja na viondo vya miaka mingi, akanunua hisa kwa jina lake mwenyewe, wakati ambapo wanaume wengi hawakuona mwanamke ana haja gani na hisa. Walikuja wanunuzi, wakaja madalali, wakaja hata watu wa nyumbani. Hakuuza. Shamba nililokulia, na karo ya digrii hii mnayonitajia kila msiba, vimetoka kwenye hisa hiyo.

Na kwa mikono hiyohiyo miwili alimshika binti yake mpaka akamnyonga. Aliona ameibiwa tena. Hakujua kwamba mtoto si ng'ombe.

Mnaona, wapendwa? Nikiandika "alikuwa mpole", nimeondoa hisa, nimeondoa fisi, nimeondoa mluzi. Nikiandika "aliwapenda wote sawa", nimeondoa ule usiku wa toba. Kinachobaki ni mwanamke yeyote wa ukurasa wowote. Huyo hawezi kunifundisha kitu, na mimi nina hatari ya kuwa kama yeye wa kweli. Maana mikono ile nimeirithi. Mke wangu anajua. Kuna ndugu nilikaa naye kimya mwaka mzima kwa sababu ya pesa ya chama, nikiita kimya hicho hekima. Kama Susu ningemkumbuka vizuri, ningelijua jina la ugonjwa huo mapema.

Je, hii ina maana tusimame kaburini tuanike kila kitu? Hapana. Mfano bora ninaoujua ni 2 Samweli 1. Sauli amekufa. Sauli huyu alimtupia Daudi mkuki, akamwinda milimani kama kware. Daudi anamwombolezea. Anasema Sauli alikuwa na nguvu na wepesi vitani, na kwamba aliwavika vizuri binti za Israeli. Yote hayo ni kweli. Mkuki hautaji. Lakini angalia kitu ambacho hakusema. Anapofika kwenye upendo aliopendwa yeye mwenyewe, anataja upendo wa Yonathani. Hasemi Sauli alimpenda. Huzuni yake ni ya kweli, heshima yake ni ya kweli, na hakuna mahali amelazimika kudanganya. Na habari ya mkuki? Iko 1 Samweli, kila mtu anaweza kuisoma.

Hapo nimejifunza mambo matatu, nami nawaachia wiki hii.

Kwanza, si kila ukweli ni wa kipaza sauti, lakini uongo hauna mahali hata pamoja. Kama baba alikuwa mlevi aliyepiga watu nyumbani, usiwakalishe watoto wake mstari wa mbele wasikie kwamba alikuwa baba mwenye upendo. Sema alijenga nyumba ile, kama aliijenga. Sema alijua kuimba, kama alijua. Kisha nyamaza. Kimya cha adabu hakimjeruhi mtu. Sifa ya uongo humwambia aliyeumizwa kwamba maumivu yake hayakutokea.

Pili, kabla hujaandika, muulize yule aliyeumizwa. Kila familia inamjua. Ni yule anayekaa pembeni ya hema. Mimi niliwauliza wajomba tarehe na majina ya shule, shangazi sikumwuliza kitu. Ningemwuliza, yeye ndiye aliyekuwa na habari njema kuliko sisi sote.

Tatu, usingoje kaburi. Walio na wazee wakiwa hai, nendeni mkakae nao. Konza ya leo inajengwa mji wa teknolojia, ule aliouzindua Rais Kibaki Januari 2013, na watoto wetu wanapita hapo kwa gari la moshi la kasi wakiangalia simu. Hawajui nani alichunga ndama kwenye nyasi hizo. Waulize wazee walishika nini, waliachilia nini. Na kama kuna la kusameheana, lisemwe wakati mkono bado una joto. Susu alingoja mpaka macho yakazimika. Mungu alimpa muda. Si kila mtu hupewa.

Mwaka jana tulirudi kuweka msalaba wa saruji kwenye kaburi lake. Watu walipomaliza kuomba, shangazi alisema kuna kitu kilisahaulika siku ya mazishi. Akaweka vidole viwili mdomoni. Sikujua kama naye anaweza. Alipiga mluzi ule, mrefu, mpaka ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Hakuna aliyemwambia ni aibu.

Ukurasa ule wa laptopu nimeufuta. Ukija kwangu na msiba, nitakuuliza maswali mengi, unisamehe mapema.

Tuombe. Bwana, tunakushukuru kwa wazee waliotulea, kwa mazuri yao na kwa makosa uliyowasamehe. Tupe ujasiri wa kuwakumbuka vile walivyokuwa, kwa maana wewe uliwapenda vile walivyokuwa. Na sisi tulio hai, utufungue mikono tuliyoikunja, kabla ya siku yetu. Katika jina la Yesu, amina.